Bakuli la Mzazi

Asubuhi ya Ijumaa ile, kama asubuhi zote, Mwanamkasi alichukua mtungi akaenda kisimani, akarudi, akaenda tena, mpaka balasi la uani likajaa. Akafagia ua kwa fagio la chelewa. Akawamwagia kuku pumba za mpunga. Zamani kazi hizi alizifanya huku akiimba. Lakini tangu mama yake ajifungue, alizifanya amekunja uso kama aliyeuma ndimu. Mtungi aliutua kwa kishindo, fagio akalitupa, na kifuu cha nazi kilichomkalia njiani alikipiga teke kikagonga ukuta wa jiko.

"Kifuu kimekukosea nini?" aliuliza Kombo, kaka yake wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa akinoa kisu kwenye jiwe. "Au kimekula chakula chako?"

"Nyamaza wewe, tumbo lenye miguu!"

Mwanamkasi alikuwa na miaka kumi na mmoja, na hasira yake ilikuwa na sababu. Katika chumba cha mwisho cha nyumba yao hapo Bagamoyo, mama yake, Mina, alikuwa ndani na mtoto mchanga wa siku kumi na saba, jina lake Pazi. Kwa desturi, mzazi hukaa ndani siku arobaini, apumzike na arudishe nguvu. Kwa ajili hiyo baba yao, Bwanausi, alikuwa ametenga kuku watano mapema. Waliitwa kuku wa mzazi, na kila Ijumaa mmoja wao alichinjwa. Wawili walikwisha kwenda, na leo ilikuwa zamu ya wa tatu.

Lakini Mina alizidi kukonda. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na akisimama ilibidi ashike ukuta. Maziwa yalimtoka kwa matone, na Pazi alilia kutwa kucha, kilio chembamba cha njaa kilichomkereketa Mwanamkasi moyoni kama mchanga ndani ya jicho.

Kombo alimwelekeza kuku kibla akamchinja. Mwanamkasi akamnyonyoa kwa maji ya moto. Shangazi Adija, dada yake baba, ambaye alikuja kuiendesha nyumba mzazi akiwa ndani, akamkata vipande akamtia chunguni. Nyama ilipoiva, Kombo alichungulia mlangoni mwa jiko.

"Shangazi, haki yangu."

"Haki gani tena?"

"Haki ya mchinjaji. Moyo."

Shangazi Adija akamtolea moyo kwa upawa. Kisha akatoa ini, akalipuliza, akamega nusu, akala. "Mpishi asipoonja atajuaje chumvi?" alisema, ingawa hapana mtu aliyemwuliza. Nusu ya pili nayo ikaifuata ya kwanza.

Firigisi ikawekwa kando, maana firigisi ni ya mwenye nyumba. Mapaja mawili na kidari vikapangwa juu ya wali kwenye chano, lile sinia la mti, vikapelekwa barazani kwa Bwanausi na mgeni wake. Mgeni huyo, Bwana Sadallah, alikuwa mfanyabiashara wa misafara ya bara, na hii ilikuwa wiki ya tatu anawangoja wapagazi wake hapo kwao. Mgongo na miguu vikabaki jikoni. Mchicha shangazi aliuchemsha, akaukamua kwa mikono miwili, akayamwaga yale maji ya kijani uani. Mzazi hakuwekewa hata jani moja.

"Majani yatampoza tumbo," alisema shangazi, akijaza bakuli mchuzi. Akatia shingo na vipapatio viwili, akalifunika kwa kawa. "Haya, mpelekee mama yako supu yake. Na usiimwage!"

Mwanamkasi alilichukua bakuli. Alipopita ukumbini alisikia sauti ya Bwana Sadallah kutoka barazani, nzito kwa wali.

"Hongo, Bwanausi! Kila kijiji, hongo! Huyu anataka kitambaa, yule anataka shanga, eti ushuru wa kupita njia yake. Nilitoka hapa na mizigo ishirini, nikafika na kumi na miwili, na wala sikuibiwa!"

"Watu wa bara hawana haya," akaitikia baba.

"Paja zima mkononi, na bado analalamika!" Mwanamkasi alinong'ona, meno ameyauma.

Mbele ya chumba cha mama yake palikuwa na pazia la kaniki. Mwanamkasi alisimama nyuma yake. Alisikiliza. Hapana mtu. Akainua kawa. Harufu ya pilipili manga ikampiga puani, na vile vipapatio viwili vikaelea juu kama vinamwita.

Nimechota maji, alijisemea. Nimenyonyoa. Nimekuna nazi. Kila mtu amekula haki yake ila mimi. Hii ndiyo haki ya mchukuzi.

Akala kimoja. Akala na cha pili. Mifupa akaitupa dirishani, akapangusa mdomo kwa ncha ya nguo yake, akapita pazia.

"Nakushukuru, mwanangu," alisema mama yake. Alikunywa mchuzi taratibu, akainyonya ile shingo mpaka ikawa nyeupe, akatazama ndani ya bakuli kama anayetafuta kitu, kisha akaliweka chini. "Mwambie shangazi yako supu ilikuwa tamu."

Pazi alishika ziwa, akanyonya, akaliachia, akaanza kulia.

* * *

Baada ya sala ya alasiri aliingia Bi Thuraya, mkunga aliyempokea Pazi duniani. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwanamkasi.

"Marahaba, mwanangu. Mzazi hajambo?"

Hakungoja jibu. Aliingia chumbani, akakaa kitambo, akatoka amempakata mtoto. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akamwita Bwanausi kutoka barazani na Adija kutoka jikoni, wakasimama ukumbini. Kombo naye akajisogeza.

"Mtoto huyu ananyonya upepo," alisema Bi Thuraya. "Na mama yake amekauka kama mua uliokwisha kukamuliwa. Mnampa nini?"

"Supu ya kuku!" Shangazi Adija alijibu upesi. "Kuku wa tatu leo, Bi Thuraya. Usije ukadhani tunamnyima."

"Watatu wamechinjwa kwa jina lake, na hali haigeuki," alisema Bwanausi. "Mimi naona hili ni jicho. Kuna mtu ametutazama vibaya."

"Jicho silijui. Mimi najua maziwa. Nampa siku saba. Ijumaa ijayo nikimkuta hivi, mtoto apelekwe Makurunge kwa binamu yako Dija. Yeye ananyonyesha, maziwa anayo tele. Atamlea mpaka aache ziwa."

Kutoka nyuma ya pazia ilisikika sauti ya Mina, dhaifu lakini ya kukata. "Miaka miwili? Mwanangu atanijua mimi?"

Sauti ile ilikuwa kama kijinga cha moto katika makuti. Mwanamkasi aliwaka.

"Mama hajala kuku!" alipiga kelele. "Hata mmoja hajala!"

"Mwanamkasi!" Shangazi alimgeukia. "Unamwumbua nani? Mimi?"

"Wote! Moyo kala Kombo. Ini umekula wewe, shangazi. Firigisi na kidari kala baba, mapaja kala mgeni. Mama analetewa maji ya moto na shingo! Halafu mnasema jicho. Jicho gani, na midomo yote hii?"

"Funga mdomo!" alinguruma baba yake.

"Mimi nimekula ini, tena lenyewe kama kidole!" Shangazi Adija alifoka. "Tangu alfajiri nimeinamia mafiga, moshi umenitoboa macho, leo naitwa mwizi na mtoto niliyemfunga winda alipokuwa mchanga kwa mikono yangu hii! Kaka, unasikia?"

"Na mimi moyo ni haki yangu," alisema Kombo, naye amefura. "Mchinjaji lazima apate kitu."

Bi Thuraya aliinua mkono mmoja, na mkono mwingine ulikuwa unambembeleza Pazi. Akamtazama Mwanamkasi.

"Umehesabu vizuri. Lakini kuku ana vipapatio viwili. Vimekwenda wapi?"

Mwanamkasi akainama. Alitazama sakafu. Shangazi Adija alikodoa macho. Alikumbuka vizuri alivyovitia bakulini.

"Vipapatio nimekula mimi, Bi Thuraya," ikaja sauti ya Mina kutoka chumbani. "Vyote. Mwanangu huniletea kila Ijumaa."

Mwanamkasi alihisi kama amepigwa kofi. Mama yake hajapata kuona kipapatio hata kimoja. Amelala mle, hana nguvu za kusimama, anaambiwa mtoto atachukuliwa, na bado ana nguvu ya kumsitiri yeye. Akakumbuka yale macho yaliyotafuta kitu ndani ya bakuli. Kumbe alijua. Alijua tangu Ijumaa ya kwanza.

Hasira yote aliyowaelekezea wengine ikageuka ikamkabili mwenyewe. Angeweza kunyamaza. Watu wazima wangebaki na makosa yao, na yeye na haki yake. Lakini Pazi alilia tena, kilio kile kile chembamba.

"Si kweli," alisema. "Mama ananisitiri. Vipapatio nimekula mimi, hapo nyuma ya pazia. Kila Ijumaa, viwili viwili. Vyote sita."

 Bwanausi akapiga ngumi ukuta, na vumbi la chokaa likamwangukia begani.

"Mchana huu nimekaa na Bwana Sadallah," alisema, "tunawatukana watu wa bara kwa hongo. Mizigo ishirini imekuwa kumi na miwili, wala hakuibiwa! Nami namwitikia, huku natafuna kidari cha mke wangu. Kutoka jiko lile mpaka kitanda hiki ni hatua kumi na tano tu. Na kuku wa Mina ametozwa hongo kila kituo!" Alimgeukia dada yake, akamgeukia Kombo, kisha akainamisha kichwa. "Na kituo kikubwa ni mimi."

"Maneno yatosha," alisema Bi Thuraya. Hasira ilikuwa bado imo katika sauti yake. "Supu peke yake ni maji yenye harufu. Mzazi anataka nyama yenyewe, na kunde, vimrudishie mwili. Anataka boga na majani, pamoja na maji yake, yamrudishie damu. Kesho atapika huyu mwenye mdomo mkali, na wewe, Adija, utamwelekeza."

"Majani? Yatampoza!"

"Yatampozaje, naye hajayaona?"

* * *

Jumamosi asubuhi jiko lilikuwa na moto wa aina mbili, mmoja chini ya chungu, mwingine katika kifua cha shangazi Adija. Alikuwa ameapa hatasema na Mwanamkasi. Lakini ameagizwa amwelekeze. Basi akasema na chungu.

"Ewe chungu," alisema, amempa mtoto mgongo, "mwambie huyo bingwa kwamba tangawizi hupondwa, haikatwi kama muhogo."

Mwanamkasi akaiponda. Naye alikuwa bado amenuna.

"Na umwambie kunde ziende motoni mapema, kuku ni laini kuliko kunde."

Kombo aliingia na kuku aliyekwisha kumchinja, kumnyonyoa na kumkata vipande. Mkono mwingine alishika moyo, ameuosha. Akauweka juu ya nyama kwa nguvu, kama anayemtupia mtu matusi.

"Huo hapo. Tia chunguni. Tena usinitazame hivyo!"

"Nani anakutazama? Una uzuri gani?" alisema Mwanamkasi, lakini moyo wa kuku akautia.

Walimchemsha kuku taratibu kwa tangawizi, bizari, pilipili manga na chumvi kidogo, mchuzi usipotee. Nyama ilipolainika, Mwanamkasi aliichambua kutoka kwenye mifupa. Nusu akaiweka kando kwa ajili ya Jumapili, maana waliobaki bandani ni mmoja tu. Katika mchuzi akatia vipande vya boga na zile kunde zilizoiva. Akakuna nazi, akachuja tui zito kwa kifumbu, akalimimina huku anakoroga lisikatike. Mwisho kabisa ikawa zamu ya mchicha.

Shangazi Adija, kwa mazoea ya miaka, aliuchukua mchicha autie katika sufuria ya maji, auchemshe na kuukamua.

"Ewe chungu," alisema Mwanamkasi, "mwambie shangazi mchicha utaivia humu humu, na maji yake yasimwagwe. Bi Thuraya kasema damu ya mzazi imo katika yale maji."

Mgongo wa shangazi ulitulia. Mdomo wake ulicheza upande mmoja, akauuma upesi asije akacheka. Akautia mchicha chunguni, akasubiri ulegee tu, akaepua.

"Na chumvi?" aliuliza Mwanamkasi, safari hii bila kupitia kwa chungu.

Shangazi Adija alitia tone la mchuzi kiganjani mwake, akalilamba. "Tone moja latosha," alisema polepole. "Siku zote lilitosha."

Akashusha kutoka rafuni bakuli kubwa la kauri, lile lililotolewa siku za Idd tu, kwa ajili ya wageni. Wakalijaza pamoja: nyama nyeupe, boga la manjano, kunde, mchicha wa kijani, na tui juu. Moyo, ini na firigisi vilikuwamo. Vipapatio viwili, ambavyo hawakuvichambua, shangazi aliviweka juu kabisa. Akamtazama Mwanamkasi usoni, akafunika kawa.

Mwanamkasi alilibeba kwa mikono miwili. Barazani alimsikia Bwana Sadallah akiuliza, "Leo samaki mkavu, Bwanausi? Si nimesikia harufu ya kuku?"

"Kuku ana mwenyewe," alijibu baba. "Leo atapita bila hongo."

Hatua kumi. Hatua kumi na mbili. Mbele ya pazia la kaniki miguu yake ilitaka kusimama kwa mazoea, na mate yakamjaa kinywani. Akavimba kwa hasira, safari hii kwa mate yake mwenyewe. Akalipita pazia bila kusimama.

Mina alifunua kawa, akalivuta bakuli karibu. "Bismillahi," akasema, akaanza kula. Alikula boga, akala kunde, akala nyama. Kisha akashika kipapatio kimoja, akamnyooshea binti yake.

"Chukua, mwanangu."

"Sitaki!"

"Chukua, nimekupa mimi."

"Sitaki, mama! Kula!" Mwanamkasi alikuwa anapiga kelele na kulia pamoja. "Kula vyote! Kula mbele yangu nione!"

Na Mina akala vyote, mbele yake.

* * *

Juma lile bakuli la kauri lilipita ukumbini mara mbili kila siku. Kuku wa tano naye alipokwisha, Bwanausi alileta samaki wabichi kutoka pwani, na Kombo akachuma majani ya kunde na mchicha mpaka mikono ikawa ya kijani. Wakati mwingine ndani yake mlikuwa na mayai, wakati mwingine choroko. Lakini bakuli halikupita bila nyama, samaki, mayai au kunde, wala bila majani, wala halikusimama njiani.

Ijumaa Dija alifika kutoka Makurunge na mtoto wake mgongoni, na kuku mmoja wa zawadi kwapani, tayari kumchukua Pazi. Bi Thuraya alikuwa amemtangulia. Mwanamkasi alisimama nyuma ya pazia, ametega sikio.

"Ingia," Bi Thuraya aliita. "Wewe mwenye mdomo mkali, njoo."

Pazi alikuwa amelala, mdomo wazi. Tone la maziwa lilimtiririka kwenye kidevu. Mina alikuwa amekaa wima, hakuegemea kitu.

"Mpakate," alisema Bi Thuraya. "Mzito?"

"Mzito!" alisema Mwanamkasi.

"Basi mimi nimekuja bure?" aliuliza Dija mlangoni.

"Umekuja kula samaki wetu," alisema Mina. Akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue.

Siku ya arobaini Mina alitoka ndani. Kuku wa Dija alipikwa, na safari hii Bwanausi mwenyewe aliingia jikoni kugawa mbele ya watu wote. La kwanza lilikuwa bakuli la mzazi, akalijaza. Kisha akampa kila mtu chake mkononi, waziwazi. Kipapatio kimoja akamwekea Mwanamkasi kiganjani. Mwanamkasi alikitazama tu, hakukila.

Shangazi Adija, aliyekuwa akisugua chungu chake kwa majivu, alimwona.

"Kula, mwanangu. Hicho umepewa," alisema. "Nilikukasirikia sana siku ile. Nilitaka kukuchapa kwa upawa. Lakini nikafikiri usiku kucha, na nikaona sote tulikuwa sawa. Hapana aliyemwibia mama yako kuku mzima. Kila mmoja alichukua kidogo tu, akakiita haki yake, akamkasirikia mwenzake aliyechukua kidogo kama yeye. Na vile vidogo vyetu vilipokusanyika, ndivyo vilivyokuwa chakula chote cha mgonjwa na maziwa ya mtoto. Kwa hiyo siku ukiona hasira inakupanda kwa makosa ya watu, paza sauti, usiogope. Lakini kwanza jipanguse mdomo wako, utazame kama hauna mafuta."

"Nami nilijipangusa, shangazi, nilipokwisha kula vile vipapatio," alisema Mwanamkasi. "Ndipo nikaingia ndani kwa mama."

Shangazi Adija aliangua kicheko mpaka chungu kikamponyoka. Uani, Pazi alishtuka, akalia kilio kinene cha mtoto aliyeshiba, na hapana mtu aliyekimbia.